Adui wa Jumanne

Kila asubuhi, kutoka bweni la wavulana hadi bwalo la chakula, Wendell Kolar alitembea kwa mwendo wa mtu mwingine. Wiki moja mabega yake yaliinama mbele kama ya mtu anayepita mlango mfupi. Wiki iliyofuata kifua kilikuwa juu, mikono mbali na mbavu, na visigino havikugusa chini sawasawa. Mgeni angedhani kijana anaumwa nyonga. Sisi wa chuo cha Fairmead tulimtazama dirishani tukiwa na vikombe mkononi. Mtu akiuliza mezani Jumamosi tunacheza na nani, mwingine alimwangalia Wendell akikatiza majani yenye umande, kisha akajibu bila kufungua ratiba.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Wendell alikuwa kwotabeki wa Adui.

Futiboli yetu, ile ya kofia ngumu na mabega ya kuvaa, huchezwa kwa vipande vifupi, na kila kipande tunakiita mchezo. Kwotabeki husimama nyuma ya safu ya watu wakubwa, hupiga wito kwa sauti, na wito ukifika neno walilokubaliana, mtu wa katikati ya safu humpa mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu yake. Kwotabeki ataurusha, atampa mwenzake, au atakimbia nao mwenyewe. Mchezo ukiisha wanapangwa tena. Mechi moja ina michezo zaidi ya mia, na Wendell, katika miaka yake minne pale chuoni, hakuwa amecheza hata mmoja.

Alicheza mazoezini. Vijana wasiopangwa Jumamosi waliitwa Adui, na walivaa vizibao vyekundu juu ya jezi. Kazi yao ilikuwa kujifanya timu tutakayokutana nayo, ili walinzi wetu wazoee kuizuia. Jumapili na Jumatatu waliangalia video. Jumanne na Jumatano walipigwa kwelikweli. Jumamosi walisimama kando ya mstari wakiwa wamevaa jezi safi, na jioni jezi hizo zilirudi kwa dobi zikiwa safi vilevile.

Mimi nilikuwa nakaa kwenye meza ya maktaba, chini kabisa, kwenye vyumba vidogo vyenye skrini. Nilichagua zamu hiyo kwa sababu watu walikuwa wachache. Wendell alikuja kila alasiri, akachukua vipokea sauti kutoka kwenye kikapu changu na kuketi chumba cha pili. Nadhani alianza kunizungumzisha kwa sababu sikuwa nauliza kitu. Alizungumza hivyo hivyo, macho kwenye skrini, kama mtu anayeongea na paka.

Aliniambia kwamba kurusha mpira si kitu, kila mtu anaona mtu akirusha mpira. Yeye alitafuta kile ambacho kwotabeki anafanya kabla, bila mwenyewe kujua. Wa Tillson alilamba vidole kila alipotaka kurusha mbali, na hakulamba alipotaka kukimbia. Wa Harlow alimtazama rafiki yake mara mbili, kisha akampa mpira mtu mwingine. Wendell akishakipata kitu hicho alikivaa, pamoja na mwendo, sauti na namna ya kukaa.

Wiki tuliyokuwa na mechi dhidi ya kwotabeki wa mkono wa kushoto, alikula kwa mkono wa kushoto siku zote tano. Jumatano bwalo lilipika maharage ya nyama na pilipili, pamoja na yale maandazi ya mdalasini ya kuchovya, na kufika katikati ya sahani shati lake lilikuwa ramani. Lamont Pruitt, mkuu wa walinzi wetu, mtu mwenye shingo pana kuliko kichwa na mdomo usiochoka, alimsogezea karatasi za kujifutia.

"Kula polepole, mzee," alimwambia. "Wenye mkono wa kushoto wenyewe huwa hawamwagi."

Wiki nyingine alimwiga mtu aliyekuwa akichechemea kidogo. Nesi wa chuo akamwona akipita, akamwita ndani na kumkagua goti kwa robo saa. Alipoelezwa, alimwambia arudi siku atakayoumwa yeye mwenyewe.

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hakuna mtu wa timu aliyemwita Wendell. Walimwita kwa jina la kwotabeki wa wiki, na si kwa dhihaka. Lilikuwa limekaa mdomoni tu. Jumapili mama yake alimpigia simu kutoka Dorsey, na wote tuliokuwa karibu tuliyajua maneno yao ya kwanza.

"Leo ni nani huko?"

"Leo ni mimi, Mama."

"Haya. Ndiye niliyekuwa namtafuta."

Dorsey ni mji wa ghala la mahindi, kanisa la Wacheki na pampu moja ya mafuta, saa mbili magharibi kwa gari. Ni mdogo kiasi kwamba shule yake hucheza futiboli ya watu wanane kila upande, maana wavulana kumi na mmoja hawapatikani. Kati ya hao wanane Wendell alikuwa nyota. Alirusha, alikimbia, alipiga mpira kwa mguu, na wakati wa mapumziko alipuliza tarumbeta kwenye bendi akiwa bado na tope magotini. Mama yake, Marlys, alimwona kila Ijumaa. Kisha kijana akaja chuoni, akakuta makwotabeki watatu warefu kuliko yeye wenye mikono mizuri kuliko wake, na akaingia Adui.

Marlys ni mpishi katika nyumba ya wazee. Jumamosi huwa zamu yake, kwa hiyo hakuja kwenye mechi hata moja. Wazee walimjua Wendell tangu anabebwa. Kila Jumapili, akiwagawia supu, walimwuliza kama kijana alicheza jana. Alikuwa akiwajibu kwamba bado anajifunza. Miaka mitatu alitoa jibu hilo hilo, na wazee, ambao husahau walichokula asubuhi, hawakusahau kuuliza.

Msimu wa mwisho wa Wendell ulianza vibaya. Tulipoteza mechi mbili za mwanzo, na kinyozi wa mjini, ambaye kila mwaka huchora korongo, ndege wa nembo ya timu yetu, kwenye kioo cha duka lake, mwaka huo alichora mguu mmoja akasema atamalizia tukishinda. Mechi ya tatu ilikuwa Tillson, kwao. Pruitt alikaa akiangalia vidole vya yule kwotabeki mechi nzima. Vilipolambwa, alirudi nyuma. Visipolambwa, alisonga mbele. Alinyaka pasi mbili, na korongo akapata mguu wa pili. Wiki baada ya wiki akapata mwili, mabawa na shingo, na kufikia mwishoni mwa Oktoba ndege alikuwa mzima kwenye kioo. Tulikuwa tumeshinda sita mfululizo. Magazeti yaliandika jina la Pruitt na la Cade Yost, kwotabeki wetu. Wendell alisoma magazeti hayo pale maktaba, akayakunja vizuri na kuyarudisha. Nilimchunguza nikitafuta manung'uniko, maana mimi ningekuwa nayo, lakini sikuyaona.

Kulikuwa na jambo moja tu alilolitaka. Aliniambia siku moja ya mvua, skrini ikiwa imesimama kwenye picha ya mtu ameinua mguu.

Mechi ya mwisho nyumbani ni Siku ya Kuagana. Wa mwaka wa nne huingia uwanjani na mama zao, kila mama ameshika ua la krisanthemu. Kocha Rademacher ana desturi yake tangu alipokuja: mchezaji wa mwaka wa nne ambaye hajawahi kuingia, siku hiyo huanza, hucheza mchezo wa kwanza, kisha hutoka na mwenye nafasi huingia. Mchezo mmoja, basi. Lakini ukihesabiwa, jina huingia kwenye kumbukumbu za chuo na halitoki.

Marlys alikuwa ameomba Jumamosi hiyo tangu kiangazi. Ili aipate alikubali kupika Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, bata mzinga kwa nyumba nzima ya wazee, zamu ambayo hakuna aliyeitaka.

"Nataka aweze kuwaambia kwamba nimecheza," Wendell alisema, "na asiwe anadanganya."

Kisha akabonyeza kitufe, na yule mtu kwenye skrini akakanyaga chini.

Mechi hiyo ya mwisho ilikuwa dhidi ya Stroud, majirani zetu, na taji la ligi lingeamuliwa hapo. Kwotabeki wao aliitwa Brecken Thayer. Alikuwa bora kuliko wote tuliokutana nao, na mgumu kuigwa. Mwendo wake haukuwa na kitu. Wito wake ndio ulikuwa sumu. Yost wetu alisema "haya, haya, haya" kwa mpigo uleule, na mpira ulikuja kwenye ya tatu. Thayer alisema "tayari" kwa upole, kama anamwambia mtoto avae viatu. Kisha alikaa kimya, kimya cha kukufanya uegemee mbele, halafu akabweka "haya" moja, na mpira ulikuwa tayari mkononi. Timu nzima za watu wazima zilikuwa zimeadhibiwa kwa kuruka kabla ya wakati.

Jumatatu Kocha alimwita Wendell ofisini. Alimwambia wiki hii aache Adui, afanye mazoezi na safu ya washambuliaji ili wamzoee kabla ya mchezo wake, na Thayer angeigwa na kijana wa mwaka wa kwanza. Ilikuwa hisani, na Kocha si mtu wa kugawa hisani ovyo. Wendell alimshukuru, akasema hapana. Alisema Thayer hapatikani kwa siku tatu, kwamba yeye mwenyewe alianza kumtazama tangu Septemba, na kwamba kijana yule angewafundisha walinzi Thayer wa uongo. Kocha alimkumbusha kwamba mama yake anakuja. Wendell akajibu kwamba mama yake angependa pia tushinde.

Basi wakakubaliana kwamba Ijumaa, baada ya mazoezi, angepewa dakika chache na safu.

Jumanne nilishuka uwanjani, jambo ambalo silifanyi. Nilisimama nyuma ya uzio, kofia imefunika masikio. Niliona kwotabeki mwenye kizibao chekundu akisema "tayari" kwa upole, na nilijikuta nami nimeegemea uzio. Pruitt aliruka mapema mara mbili. Mara ya tatu alisubiri, lakini Wendell aliubakiza mpira mwenyewe na kumpita upande wa kushoto kana kwamba Pruitt ni mti.

"Thayer, nitakuvunja," Pruitt alisema, anahema.

"Jumamosi," Wendell alimjibu. "Nivunje Jumamosi."

Walirudia tena na tena. Jua lilipokuwa linagusa ghala la reli, Pruitt bado hakuwa amemkamata. Jumatano alimkamata. Alimpiga pigo lililosikika hadi kwenye uzio, wote wawili wakaenda chini, na Pruitt ndiye aliyemwinua kwa kizibao.

"Kisigino," Pruitt alisema.

"Kisigino," alisema Wendell, majani mdomoni.

Thayer akitaka kukimbia mwenyewe, kisigino chake cha kushoto huinuka kidogo kabla ya wito. Wendell alikuwa amekiona kwenye video, na badala ya kumwambia Pruitt, alikifanya siku mbili hadi Pruitt akakiona kwa macho yake. Nilimwuliza Pruitt baadaye kama hakuudhika kutoambiwa. Alisema kuambiwa angesahau kwenye kelele, lakini kupitwa mbele ya wenzake hawezi kusahau.

Jumamosi upepo ulitoka kaskazini. Wendell alikuwa ameniomba nikae na mama yake kwa kuwa hakumjua mtu, na hivyo nilijikuta jukwaani kando ya mwanamke mfupi mwenye sweta jipya la Fairmead, mikunjo ya dukani bado mgongoni. Alikuwa amerudi kutoka uwanjani na ua lake. Pajani alikuwa na kopo la kolache, yale maandazi ya Kicheki yenye plamu.

"Kula, binti," alisema. "Wewe ndiye wa maktaba? Alisema umekonda. Hakusema kiasi hiki."

Aliniambia wazee wamewekewa redio kwenye chumba cha kulia, tangu saa moja kabla. Mmoja alikuwa amevaa tai.

Tulipata mpira wa kwanza. Tangazo lilisema kwamba anayeanza ni namba kumi na nne, Wendell Kolar, kutoka Dorsey, na Marlys alisimama, kopo likamponyoka na mimi nikalidaka. Wendell alikimbia kuingia. Alisimama nyuma ya safu. Niliona mabega yake, na moyo wangu ukashuka kabla hajafungua mdomo, kwa sababu mabega yale nilikuwa nayajua wiki nzima, na hayakuwa yake.

"Tayari," alisema, kwa upole.

Kisha akanyamaza. Alinyamaza kimya kile kile. Halafu akabweka.

Safu yetu, ambayo Ijumaa iliambiwa isubiri "haya" ya tatu, ilivunjika. Upande wa kulia uliruka mbele, upande wa kushoto ukabaki umeinama, na Gustin, mtu wa katikati, akabaki ameukumbatia mpira kama aliyenyimwa ruhusa. Walinzi wa Stroud nao waliruka, maana sauti hiyo waliisikia kila siku mazoezini kwao. Kwenye benchi lao Thayer mwenyewe aliinua kichwa kutazama ni nani amemwita. Kitambaa cha njano kilianguka. Refa alitangaza kosa letu, yadi tano nyuma, na mchezo haukuhesabiwa.

Desturi ilikuwa mtu aanze, na alikuwa ameanza. Yost alikuwa tayari anaingia. Wendell alimpisha na kukimbia kutoka.

Marlys alikuwa bado anapiga makofi. Alitazama watu waliokaa karibu, akaona hawapigi, akashusha mikono.

"Imehesabiwa?" aliniuliza.

"Bado, Mama Kolar."

"Bado maana yake itahesabiwa?"

Nilisema bado maana yake bado. Marlys alichukua kopo lake, akalifunga vizuri, akaliweka chini ya miguu. Nilijua anawaza juu ya redio na yule mzee mwenye tai.

Kilichotokea kando ya uwanja nilihadithiwa. Wendell alifika akiwa mwekundu hadi masikioni, na wenzake wakajifanya wanatazama mechi. Pruitt alimsogelea na kumwekea mkono kwenye kofia.

"Thayer," alimwambia, "ulikuwa mzuri sana pale."

Wendell akacheka, wote wakapata ruhusa ya kucheka, na baada ya hapo akakaa na walinzi. Kila Stroud walipopata mpira, alisimama mbele ya benchi akiinua kisigino cha kushoto na kukishusha, ili kisisahaulike. Nilimwona kutoka jukwaani. Mama yake naye alimwona, akauliza kama mguu unamwuma.

Mechi haikumpa mtu nafasi ya kupumua. Wao walitangulia, sisi tukasawazisha, wao tena, sisi tena, na robo ya mwisho tukapiga mpira kati ya nguzo na kuongoza kwa pointi tatu. Zikiwa zimebaki dakika chache, Thayer alianza kuwaleta wenzake. Aliwaleta kwa pasi fupi, kwa utulivu, na kila alipobweka mji mzima ulishtuka. Walifika karibu na mstari wetu. Walibakiwa na jaribio moja, na walihitaji yadi mbili tu.

Watu wote waliangalia mpira. Mimi nilikuwa nimefundishwa kuangalia kwingine, nikakiona kisigino kikiinuka. Ni kitu kidogo sana, kama mtu anayehisi jiwe kwenye kiatu. Pruitt hakumfuata mtu aliyetumwa kumhadaa. Alikwenda moja kwa moja mahali ambapo Thayer bado hakuwa amefika, akamngoja hapo. Jukwaa lilitikisika. Redio ilipomwuliza baadaye alijuaje, Pruitt alisema, "Huyo nilishamkamata Jumatano."

Mpira ukawa wetu, saa ikiwa imebakiza kidogo. Timu inayoongoza ikifika hapo haihitaji kukimbia tena. Kwotabeki hupokea mpira na kupiga goti, mchezo unaishia hapo, na saa inaendelea kwenda. Yost alipiga goti mara moja. Alipiga mara ya pili. Ilibaki moja, na watu walikwishaanza kushuka ngazi ili waingie uwanjani.

Yost hakurudi kwenye nafasi yake. Aligeuka akakimbia kando, moja kwa moja hadi kwa Wendell, na kumgonga kofia.

"Kaka, ingia," alisema. "Goti langu limechoka."

Kocha Rademacher hakuwa ameulizwa. Aligeuka na kulitazama lile ghala la reli kama mtu anayetaka kulinunua.

Marlys alinishika mkono. Nina alama ndogo ya kucha zake hadi leo, au ninapenda kuamini kwamba ni zake. Wendell alifika nyuma ya safu, na Gustin, kabla ya kuinama, aligeuka kumtazama usoni. Maneno yao nilipewa na Gustin mwenyewe.

"Leo wewe ni nani?"

"Kolar."

"Basi tuitie kama Kolar."

Wendell akainama. Mabega yake yalikuwa ya kawaida, moja chini kidogo kuliko lingine. Alisema haya, haya, haya, na sauti ilikuwa nyembamba kuliko zote alizowahi kuvaa. Ikakwama kidogo kwenye ya pili, na hakuna aliyeruka. Mpira ukaja kwenye ya tatu. Akaushika kwa mikono miwili kifuani, akapiga goti, na kukaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Filimbi ililia. Mtangazaji akasema, kwa sauti ile ile aliyoitumia siku nzima, kwamba mkimbiaji alikuwa Kolar, na kwamba alipoteza yadi mbili. Watu walicheka. Kisha, wale waliojua walisimama, na wale wasiojua wakasimama kwa sababu wengine wamesimama.

"Hiyo?" Marlys aliniuliza.

"Hiyo, Mama Kolar."

Alikaa. Alitoa simu na kupiga Dorsey, akaweka kidole kwenye sikio la pili kwa sababu ya kelele. Nilisikia upande wake tu. Alisema ndiyo, ni yeye. Alisema ndiyo, wamesikia vizuri, jina ni hilo. Kisha akasikiliza kwa muda, na nikaelewa kwamba kuna mzee anataka kujua kwa nini kijana alirudi nyuma.

"Kwa sababu tulikuwa tunashinda," alisema Marlys. "Ukishinda ndivyo unavyofanya."

Aliniachia kopo zima la kolache. Sikukuu ya Shukrani, Wendell alikwenda naye nyumba ya wazee na kumenya viazi, na niliambiwa kwamba alilazimishwa kupiga goti lile katikati ya chumba cha kulia zaidi ya mara moja.

Alirudi maktaba mwanzoni mwa Desemba. Niliinua kichwa kwa sababu nilisikia hatua nisizozijua, na nilipoona ni yeye nilishangaa. Vidole vya miguu yake viliangalia ndani kidogo. Miaka minne nilikuwa nimemwona akitembea, na mwendo huo sikuwahi kuuona. Hakuwa na video ya kutazama. Msimu ulikuwa umekwisha, na kwenye kioo cha kinyozi korongo alikuwa amevikwa taji. Alikuwa amekuja kurudisha vipokea sauti vilivyobaki kwenye mkoba wake.

Alivikunja waya na kuviweka kwenye kikapu. Alikuwa anageuka aondoke, nami nikaona kwamba nisipouliza sasa sitauliza tena. Nilimwuliza kama angekuja Fairmead iwapo siku ya kwanza wangemwambia kwamba katika miaka minne atapata mchezo mmoja, na mchezo wenyewe ni wa kupiga goti.

Alitupa mkoba begani.

"Ningekuja," alisema. "Mechi zangu zilikuwa Jumanne."